Ufuo Usio na Nyayo

Haya yalimpata rafiki yangu Kahambu, Mnande wa Butembo anayekaa ughaibuni, mjini Ixelles, mwaka 1997. Yeye na mumewe Hervé walikuwa wametoka kisiwa cha Korsika, kwenye ufuo uliojificha, usio na hata nyayo za mtu.

Siku waliyorudi Kahambu alishuka chumba cha kufulia, chini ya jengo lao, kufua taulo za ufuoni. Taa ikazimika. Gizani akasikia mawimbi, kisha mkono ukamkamata nywele, ukampigiza uso sakafuni tena na tena, ukamkandamiza.

“Hervé, bananiua!”

Hervé alishuka mbio na tochi. Hapakuwa na mtu. Sakafu ilikuwa kavu.

“Alors, ni nani alikupiga vile?”

Kahambu alikohoa. Kinywani mwake mkabubujika damu na maji ya chumvi, akaanguka samaki mdogo, mzima, akirukaruka.