Cherehani Atafuta Kazi ya Nyumbani

Kila asubuhi mke wangu aliniuliza bomba litapona lini.

Mimi si fundi bomba. Mimi ni mumewe wa miaka arobaini na miwili. Lakini ugonjwa wa kusahau ulipomwingia, alianza kutufuta mmoja mmoja. Mimi nikabaki fundi aliyekuja kutengeneza bomba la jikoni na hataki kuondoka. Nilikuwa namjibu kwamba bado kidogo. Naye alitikisa kichwa, kama mtu anayewajua mafundi.

Mtu mmoja tu hakufutwa: binti yetu. Chai ya binti aliinywa. Dawa kutoka mkononi mwa binti aliimeza. Nikimpa mimi, alifunga mdomo kama mlango wa benki siku ya mapumziko.

Binti huyu nyumbani tunamwita Cherehani, kwa jinsi anavyopiga chapa. Alijifunza enzi za mashine za chuma, kwenye meza yetu ya kulia chakula. Tulitandika magazeti chini ya mashine ili kelele zipungue. Hazikupungua. Kuku wa jirani walizoea kutaga kwa mdundo ule, na siku Cherehani alipopumzika hawakutaga hata yai moja. Anayebisha akawaulize kuku. Mama yake alikaa pembeni akimsomea barua za mazoezi, kwa ile sauti yake ya kuimbaimba. Nikifumba macho bado nawasikia wote wawili.

Baadaye Cherehani akawa katibu muhtasi. Kwa miaka kumi na tisa aliandika barua za mkurugenzi mmoja. Kisha ofisi ikapunguza watu, naye akapunguzwa. Baada ya miezi mitatu ya kutafuta, alipata kazi nyingine, yenye mshahara mzuri, lakini katika mji ulio mbali, safari ya siku mbili. Walimpa wiki mbili za kufikiri. Jibu lilitakiwa Ijumaa.

Akienda, mama yake angebaki na fundi bomba. Asipoenda, tungekula nini? Pensheni yangu ni fupi kama mkia wa mbuzi.

Basi Cherehani akaanza kutafuta kazi ya kufanyia nyumbani. Siku ya pili tu aliona tangazo kwenye simu. Lilisema utafanya kazi ukiwa kitandani, ujuzi hauhitajiki, malipo ni makubwa, tuma kwanza pesa ya fomu. Akatuma. Fomu haikuja, na ile namba ikazimwa. Hakutuambia. Nilijua tu kwa vile alivyokuwa akisugua sufuria safi.

Aliyeitoa siri hiyo ni jirani yetu wa ghorofani, Mama Pacha. Huyu mama hakuwa akitoka kwenda kazini, lakini alinunua friji, kisha kitanda kipya, kisha akawapeleka pacha wake shule nzuri. Mtaani tulisema anafuga jini. Nitasema ukweli: habari ya jini niliianzisha mimi, na nilimpa hata pembe. Kumbe Mama Pacha alikuwa na meza chumbani, na kompyuta, na kampuni ya nchi nyingine aliyoifanyia kazi ya kujibu maswali ya wateja.

Siku hiyo alikuja kurudisha ndoo yetu. Akamkuta Cherehani na sufuria. Akamdodosa mpaka yote yakatoka.

"Ulilipa ili uajiriwe?" aliuliza.

"Walisema ni pesa ya fomu."

"Dada yangu, mwajiri ndiye anayelipa. Akianza yeye kukuomba, huyo hana kazi, ana njaa. Haya, niambie unajua nini."

"Mambo ya kisasa siyajui. Najua kupiga chapa tu."

"Maneno mangapi kwa dakika?"

"Themanini. Nikikasirika, tisini."

Mama Pacha akavuta kiti akaketi, ndoo bado mkononi. Alisema kosa la wengi ni kutafuta kazi ya ajabu isiyohitaji ujuzi. Kazi za nyumbani zinazolipa vizuri ni zilezile za ofisini, zimehamishwa meza tu. Kuna watu wanaotunza hesabu za kampuni wakiwa majumbani. Kuna wanaofasiri, wanaochora, wanaopanga ratiba za wakurugenzi walio mbali. Na kuna wanaosikiliza mazungumzo yaliyorekodiwa na kuyaandika, neno kwa neno. Anza na unachokijua, alisema, kisha jifunze kile kidogo kilichobaki.

Kilichobaki kwa Cherehani hakikuwa kingi. Mama Pacha alimfundisha kutumia programu ya kusikilizia sauti, ya kusimamisha na kurudisha nyuma. Wakaandika wasifu wake pamoja. Wakapata kampuni inayoandika mazungumzo kwa ajili ya hospitali na watafiti. Hawakuiamini hivihivi. Walitafuta namba ya ofisi yenyewe, si ile ya kwenye tangazo, wakapiga. Wakawatafuta watu wawili waliowahi kufanya kazi pale na kuwauliza kama walilipwa, na kwa wakati. Wote wawili walisema ndiyo.

Kampuni ikampa Cherehani jaribio la dakika kumi: muuguzi anaongea na mgonjwa mzee. Cherehani alimaliza mapema. Karatasi ilikuwa safi kama shuka ya hoteli. Jumanne jibu likaja. Walisema anaandika haraka na vizuri sana, lakini hakuandika walichosema. Hawawezi kumchukua.

Alikaa akilitazama jibu lile. Kisha akaiosha sufuria.

Mimi nilimwelewa. Yule mkurugenzi wake wa zamani alikuwa na mdomo mchafu. Akisema, "Mwambie yule punguani asinisumbue," Cherehani aliandika, "Barua yako imepokelewa na inashughulikiwa." Kwa miaka kumi na tisa alisifiwa kwa hilo. Mkono wake ulizoea kunyoosha kila kilichopinda.

Mama Pacha aliomba kusikiliza ile sauti, huku akisoma. Muuguzi alimuuliza mgonjwa kama amemeza dawa. Mgonjwa alijibu, "Nilimeza... eeh, nadhani nilimeza. Ya jana, au juzi, sijui." Cherehani aliandika: "Nilimeza dawa jana."

Mama Pacha akaisimamisha sauti.

"Dada, umemponya mgonjwa wa watu," alisema. "Daktari akisoma hii, ataamini dawa imemezwa. Kumbe mzee hakumbuki. Kile kigugumizi ndicho walichotaka kukijua."

Cherehani alimtazama mama yake, aliyekuwa akikunja na kukunjua leso kwenye kiti chake.

Mama Pacha alimshauri aandike tena kwa kampuni. Aeleze kosa lake na sababu yake, aombe jaribio lingine. Kuuliza hakuna malipo, alisema. Cherehani akaandika. Wakamjibu kwamba wanapenda mtu anayejua alipokosea, na kwamba watamjaribu tena Alhamisi, mara ya mwisho.

Ilibaki siku moja ya mazoezi. Mama Pacha akanitazama mimi.

"Baba, kaa hapa usimulie. Chochote. Yeye ataandika."

Hiyo kazi haikuhitaji kunibembeleza. Nikasimulia jinsi nilivyokutana na chatu nikiwa kijana, nikitoka kumposa mke wangu. Niliongea dakika kumi, Cherehani akaandika kila kitu. Kisha akanipa nisome.

Aibu niliyoiona. Nimesema "nadhani" mara kumi na moja. Chatu alianza na mita tatu, na kufika chini ya ukurasa alikuwa na saba. Mama Pacha alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini katikati ya ukurasa kulikuwa na mstari huu: "Nilipomwambia mama yako, alicheka. Alikuwa anacheka na... (ananyamaza) ...basi. Chatu akageuka."

Sikujua kama nilinyamaza. Kumbe nilinyamaza, na mwanangu alisikia.

"Hapo je, nimekosea?" Cherehani aliniuliza.

"Hapana," nikamwambia. "Hapo acha hivyohivyo."

Alhamisi alifanya jaribio. Safari hii hakukimbia. Kikohozi alikiandika. Neno lililokatika alilikata. Mahali asiposikia, aliandika kwamba hapasikiki, hakubuni. Ijumaa asubuhi hakugusa chai yake. Saa nne kampuni ikamwandikia kwamba imemkubali, ikamtumia mkataba.

Mama Pacha alimzuia kutia sahihi mpaka wausome wote, mstari kwa mstari: kazi ni ipi, malipo ni kiasi gani kwa kila dakika ya sauti, yanakuja lini na kwa njia gani, na siri za wagonjwa zitunzwe vipi. Palipokuwa hapaeleweki waliuliza. Walipojibiwa, akatia sahihi. Kisha akawaandikia wale wa mji wa mbali barua ya kukataa. Ilikuwa ya adabu sana.

Ana kona yake sasa, kando ya dirisha la sebuleni, na kitu cha kusikilizia masikioni ili sauti za wagonjwa asizisikie mtu mwingine. Ana saa za kazi, na tumekubaliana kuziheshimu hata mimi. Miezi ya kwanza kazi zilikuwa chache, lakini hakukata tamaa, akawahi kila tarehe. Katika mwezi wa tano malipo yake yaliupita mshahara wa mkurugenzi. Namaanisha ule aliolipwa na mkurugenzi. Wa mkurugenzi mwenyewe tutaufikia nikisimulia mara ya pili.

Saa sita mchana huvua kile kitu masikioni, huenda na sahani kwa mama yake. Juzi niliwasikia nikiwa jikoni.

"Leo hukwenda kazini?" mama aliuliza.

"Nimetoka huko sasa hivi, mama."

"Maskini. Ni mbali?"

Cherehani akageuka kuitazama meza yake kando ya dirisha, akahesabu kimyakimya.

"Hatua kumi na moja," alisema, na mama yake akafungua mdomo akala.