Filamu Aliyopewa Zéphyrin

Rafiki yangu Zéphyrin, mkimbizi kutoka Masisi, ndiye aliyenisimulia kisa hiki. Tangu mdogo wake Pitshou apotee vitani, alikuwa akitazama filamu za vita, akitafuta jinsi mtu anavyoweza kunusurika. Siku moja aliomba apendekezewe nzuri kwenye kibanda kimoja cha mtaa wa Bwaise, kinachouza filamu zenye sauti ya vijei, yule msimulizi anayezieleza kwa Kiganda.

"Ssebo, bwana wangu, chukua hii," muuzaji alisema.

"Wanacheza akina nani?"

"Angalia tu. Utawajua."

"Wewe umeshaiona?"

"Mimi? Hapana, ssebo. Mimi siiwezi."

Zéphyrin alimtazama kwa mashaka, lakini akainunua.

Alipoiwasha chumbani kwake, bunduki zililia, na vijei akapayuka na kucheka kama kawaida yake. Kisha askari wakaingia msituni, na kioo kikawa cheusi kabisa. Zilibaki hatua tu, chwa, chwa, kwenye matope. Vijei akaacha Kiganda. Akasema polepole, kwa Kiswahili cha Masisi:

"Huyu wa nyuma ni Pitshou. Anauliza kama kaka yake anamwona."

Zéphyrin akaisimamisha filamu. Hatua zikanyamaza. Pumzi za mtu ziliendelea kusikika.