Sijagusa Kitu

Kila asubuhi ya likizo, kabla chai haijapoa, Bi Haraka alikuwa ameshafuta vumbi kibandani. Alianza na kioo cha kompyuta, akaja kwenye printa, akamalizia na benchi la wateja mlangoni. Vumbi lenyewe halikuwa na adabu. Ulifute sasa hivi, ugeuke kutafuta kikombe chako, limesharudi, jeupe na laini kama unga. Halikushuka kutoka mbinguni. Lilitoka kwenye machimbo ya mawe nyuma ya nyumba zao, ambako mashine ya kusaga kokoto ilinguruma tangu alfajiri.

Kibanda kilikuwa cha shangazi yake, katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Hapo watu walichapiwa barua, wakatolewa kopi, wakapigwa picha za vitambulisho. Shangazi ndiye aliyempa mtoto huyo jina la Bi Haraka, kwa sababu alifunga viatu huku anatembea na kujibu swali kabla halijaisha. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili mwenye vidole vyepesi. Katika kuchapa, mtaa mzima hakuna aliyemfikia.

"Leo ndiyo leo," Shangazi alisema akipanga karatasi nyeupe kwenye printa. "Kabla ya saa sita maelezo yetu yawe mezani kwa karani. Saa sita ikigonga watasema tumechelewa. Nawajua hao."

Aliwajua kweli. Mara ya kwanza wakazi walipolalamikia vumbi, waliandika kwa mkono. Ofisi ya vibali vya machimbo ikawarudishia karatasi ikisema mwandiko hausomeki. Mara ya pili waliambiwa muda umepita, ilhali tangazo la muda huo lilibandikwa ndani ya ofisi, nyuma ya mlango. Mara ya tatu karatasi zilipotea, na hakuna aliyeomba radhi. Wako watu husahau mambo kama hayo ili wapate usingizi. Shangazi hakusahau hata moja, na usingizi aliupata vilevile.

Sasa wenye machimbo walikuwa wameomba kibali cha kuchimba karibu zaidi na nyumba, na leo ilikuwa siku ya mwisho ya kupinga. Shangazi alikuwa amezunguka mlango kwa mlango akiuliza nani anakohoa na ukuta upi umepata ufa. Bi Haraka ndiye aliyechapa yote. Mdogo wake naye alikuwemo ndani ya maelezo hayo, mtoto wa miaka minne aliyekohoa mpaka akakaa kitako kitandani, akimtazama dada yake kana kwamba dada ana dawa mfukoni.

Shangazi akabofya programu ya kuandikia. Badala ya kufunguka, kikatokea kidirisha kidogo chenye maandishi. Akakifunga. Akabofya tena. Kidirisha kikarudi, akakifunga tena, kama mtu anayefukuza nzi.

"Hii nayo imeamkia upande gani leo?"

Bi Haraka akarudi nyuma mpaka kwenye benchi la wateja.

Jioni iliyopita Shangazi alikuwa amemwambia apunguze mizigo ndani ya kompyuta, maana nafasi ilikuwa imejaa. "Futa picha za zamani za wateja," alisema, "na takataka nyingine usizozijua." Picha alizifuta. Lakini rafiki yake wa shuleni alikuwa amempa flashi yenye mchezo wa magari, na mchezo ule ulitaka nafasi kubwa. Bi Haraka akaingia kwenye orodha ya programu zote za mashine. Akakuta majina marefu yenye herufi na tarakimu, vitu ambavyo hajawahi kuona mtu akivifungua. Vinakula nafasi bure hivi, akawaza. Akaondoa kimoja, kisha kingine, kisha kingine. Kila mara kompyuta ilimuuliza kama ana uhakika, na kila mara alijibu ndiyo kabla hajasoma swali. Mchezo ukaingia. Magari yakakimbia vizuri sana. Shangazi aliporudi akaona nafasi imepatikana, akamsifu mbele ya wateja.

Sasa Shangazi alizima kompyuta, akaiwasha. Akachomoa nyaya, akazirudisha. Mama Pacha akaingia, jirani aliyelea mapacha na bado akabaki na nguvu za kubishana na mtaa mzima.

"Jirani, watu wako nje wanauliza, tunakwenda au hatuendi?"

"Mashine imegoma."

"Ipige kofi hapo ubavuni. Redio yangu haisikii kitu kingine."

"Mama Pacha, usinigusie hiyo mashine."

"Basi tukachape kwingine."

"Kwingine wapi?" Shangazi aliuliza. Kibanda kingine cha kuchapa kilikuwa cha shemeji wa meneja wa machimbo. Kumpelekea flashi yenye maelezo kungekuwa kumpa mkononi majina ya wote waliolalamika, na baadhi yao waume zao walivunja mawe hukohuko. Mtu kama huyo angepoteza kazi kabla karatasi haijafika ofisini.

Wakamwita Fundi. Alikuwa mama mrefu aliyetengeneza kompyuta na simu karibu na kituo cha mabasi, mwenye bisibisi iliyochomekwa kwenye kilemba. Hakugusa chochote alipoingia. Alikaa kwanza.

"Ilikuwa inafanya kazi mpaka lini?"

"Mpaka jana mchana," alijibu Shangazi.

"Na baada ya hapo nani ameigusa?"

Shangazi akamgeukia Bi Haraka. Mama Pacha naye akamgeukia. Mlangoni vichwa vya majirani vikachungulia.

"Sijagusa kitu," alisema Bi Haraka. "Nilifuta picha tu."

Fundi akabofya programu mara moja, akakitupia jicho kidirisha, akatikisa kichwa taratibu. "Kama hakuna kilichoguswa na programu inapoteza vitu vyake yenyewe, basi diski inakufa. Hiyo tusiichezee. Kila tukiiwasha tunaiua zaidi. Itabidi niende nayo, nitoe mafaili polepole. Itakuwa kazi ya siku mbili tatu."

"Siku mbili tatu," Shangazi alirudia. Sauti yake haikupanda. Alikaa kwenye benchi, mikono juu ya magoti, akaanza kuyasema maelezo kwa kichwa, maana aliyajua yote. "'Sisi wakazi tunaoishi chini ya machimbo tunasema hivi. Watoto wetu wanakohoa. Kuta zetu zina nyufa. Tulipowauliza wenye machimbo kuhusu nyufa hizo, walitujibu kwamba wao hawajagusa kitu.'"

Bi Haraka aliijua sentensi hiyo. Aliichapa mwenyewe, na siku ile alicheka kwa dharau, akasema, "Waongo hawa, baruti inalipuka na bado wanasema hawajagusa."

Fundi alikuwa ameinama chini ya meza, anazungusha waya mkononi. Kutoka chumba cha ndani, mdogo wake Bi Haraka alianza kukohoa.

"Shangazi," alisema Bi Haraka. "Nimegusa."

Mkono wa Fundi ukasimama kwenye waya.

"Sikufuta picha peke yake. Niliondoa vitu kwenye orodha ya programu. Vyenye majina ya ajabu. Nilitaka kuweka mchezo."

Majirani walitazama chini, kila mtu viatu vyake. Shangazi alifumba macho, akayafumbua. Bi Haraka angependelea kugombezwa.

Fundi alitoka chini ya meza akirudishia waya mahali pake. "Hiyo ndiyo habari niliyoitaka tangu nilipoingia," alisema. "Kumbe diski ni nzima, haifi. Nilikuwa nampeleka mgonjwa wa njaa kupasuliwa. Njoo ukae hapa."

"Mimi?"

"Kuna mwingine aliyeondoa? Kaa. Fungua programu. Kile kidirisha kikitokea, ole wako ukifunge."

Kidirisha kikatokea. Kidole cha Bi Haraka kiliruka chenyewe kuelekea kwenye mausi, naye akakirudisha.

"Soma."

Alisoma polepole, jambo ambalo hakulizoea. Programu ilisema haiwezi kuanza kwa sababu sehemu fulani haikupatikana, na jina la sehemu hiyo likatajwa pale pale, refu na lenye tarakimu.

"Tangu asubuhi inawaambia kinachoiuma," alisema Fundi, "na nyinyi mnaifunga mdomo."

"Lakini hicho hakuna anayekifungua," Bi Haraka alisema. "Nilidhani hakina kazi."

"Wewe hukifungui. Programu ya kuandikia ndiyo inayokifungua, kila siku, bila kukuambia. Mtazame shangazi yako. Barua anachapa yeye, lakini karatasi hatengenezi, wino hakorogi, umeme haufui. Mwondolee hivyo vitatu, atabaki hapo na vidole vyake kumi na akili zake zote, na barua haitoki."

"Na ulimi," aliongeza Mama Pacha. "Ulimi atabaki nao."

Hata Shangazi alitabasamu kidogo.

Fundi aliunganisha kompyuta na intaneti ya simu yake, wakaenda kwenye tovuti ya wenyewe waliotengeneza ile sehemu. Kulikuwa na mbili zenye majina yanayofanana kama pacha. Bi Haraka akabofya ya juu. Ikaingia bila kulalamika. Wakafungua programu, kidirisha kikarudi na jina lilelile.

"Imekataa," alisema Bi Haraka, na machozi yakamlenga. Saa ya ukutani ilishapita saa nne na nusu.

"Haijakataa. Umeipa viatu vya mtu mwingine. Ulisoma tofauti ya hizo mbili?"

Hakuwa amesoma. Alirudi akasoma. Moja ilikuwa ya programu za aina ya zamani, nyingine ya aina mpya, na programu ya Shangazi ilikuwa ya aina mpya. Akachukua ya chini. Safari hii, kompyuta ilipomuuliza kama ana uhakika, alilisoma swali lote mpaka nukta, midomo ikicheza, ndipo akajibu.

Kidirisha kikatokea tena. Mama Pacha akaguna. Lakini Bi Haraka alikuwa ameshaanza kusoma.

"Jina limebadilika," alisema.

"Eeh," Fundi aliitikia. "Jina likibadilika, tumesogea. Hiki nacho ulikiondoa?"

"Ndiyo. Hiki, na kimoja kingine."

"Umefanya vizuri kusema na hicho kimoja kingine. Virudishe vyote viwili."

Vikarudi, kimoja baada ya kingine. Bi Haraka akabofya programu. Kibanda kizima kikashusha pumzi pale ukurasa ulipofunguka na maelezo yakajipanga yote, kikohozi kwa kikohozi, ufa kwa ufa, hakuna herufi iliyopotea. Shangazi alibonyeza kitufe cha kuchapa mwenyewe. Printa ikaanza kutoa karatasi, na kila iliyotoka ilipita mikononi mwa mtu wa kuipuliza ikauke, ingawa wino wa siku hizi hauhitaji kupulizwa.

Ofisini, karani aliitazama saa kabla ya kuitazama karatasi. Saa iliwapa haki. Akageuza ukurasa wa kwanza, wa pili.

"Hii inasomeka," alisema.

"Hata ile ya kwanza ilikuwa inasomeka," Shangazi alimjibu. "Piga muhuri, mwanangu, na nakala yetu pia. Safari hii tunaondoka na nakala."

Karani akapiga muhuri mara mbili, akaandika siku ambayo wakazi watasikilizwa. Mama Pacha aliipokea nakala, akaikunja ndani ya khanga yake, na hakuna mwizi ambaye angethubutu kuifuata humo.

Njiani kurudi, Bi Haraka alitembea nyuma. Shangazi alipunguza mwendo mpaka wakawa sambamba.

"Nisamehe, Shangazi."

"Nimekusamehe, na nina hasira bado. Vyote viwili vinakaa pamoja, usishangae." Walitembea kidogo. "Nami nina kosa langu. Nilikuambia ufute usichokijua. Mtu mzima kumwambia mtoto hivyo ni ujinga. Usichokijua unauliza kwanza. Hata wale wenye machimbo, walipotukuta hapa hawakutujua, wakatuona hatuna kazi, tunakula nafasi tu."

"Mchezo nitautoa."

"Utautoa, na kabla ya kuutoa utasoma." Shangazi akasimama, akamshika bega. "Sikiliza, mwanangu. Kuharibu si mwisho wa dunia. Kilichoharibika hutengenezwa, mradi aliyekiharibu aseme alipogusa. Fundi aliulizia ugonjwa, ukamficha, na kidogo tu tubebe mashine nzima na kuipoteza siku. Ulipomwambia, kazi ikawa ya asubuhi moja. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Umewasikia wale wakisema hawajagusa kitu, ukawacheka. Siku ya kusikilizwa nitasimama mbele yao nidai waseme kweli. Ninataka nyumbani kwangu awepo anayeisema kwanza, ili nikisimama nisione haya."

Bi Haraka hakujibu haraka. Aliliacha neno lile liishe, akalifikiria, ndipo akaitikia.

Walipofika kibandani, mdogo wake alikuwa amekaa kwenye benchi, na vumbi limeshatanda juu ya kioo cha kompyuta. Bi Haraka akachukua kitambaa, akaanza upya.