Tiki Kumi na Mbili

Kila asubuhi ya likizo Kidoti alifuatana na shangazi yake, karani wa ofisi ya machimbo ya mawe. Alifuta vumbi mezani, akachonga penseli, akasubiri chai. Siku hiyo kulikuwa na kazi nyingine. Simu mpya zilikuwa zimefungwa ofisini, stoo, jikoni na kwenye kibanda cha msimamizi. Nambari ndefu ya mtu ikiingizwa kwenye simu ya ofisini na kupewa tarakimu mbili, simu zote zingempata kwa tarakimu hizo mbili tu.

"Mimi nasoma, wewe bonyeza," alisema shangazi. "Vidole vyangu vimezeeka kabla yangu."

Walipomaliza majina yote kumi na mawili ya orodha, alisimama. "Sasa piga zote. Akipokea mwenyewe, weka tiki kwenye jina lake. Naenda stoo mara moja."

Kidoti alipiga ya kwanza. Sauti nzito ikanguruma, "Nani?" Akakata mbio mbio. Wanaume wa machimbo walimtia kiwewe. Basi akaweka tiki kumi na mbili bila kumpigia mwingine yeyote.

Shangazi aliporudi, msimamizi alipita kuchukua nakala yake ya orodha.

"Saa sita tunalipua mwamba," alisema. "Leo nampata mlinzi wa kizuizi kwa hii sifuri tisa. Nikimwambia azuie njia, nakata, nalipua."

"Maneno yako machache kama nywele zako," shangazi alimtania. Msimamizi akacheka, akaenda.

Kidoti akachungulia dirishani. Chini ya mwamba, watu walipita wakitoka sokoni, wengine na watoto mgongoni. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika nane. Polepole akainua simu, akabonyeza sifuri tisa.

"Jikoni hapa," mpishi akaitikia. "Nani mwenzangu?"

Kidoti akakata. Alipobonyeza, alikuwa ameipa nambari ya mpishi tarakimu za mlinzi. Labda msimamizi angeitambua sauti ya mpishi. Labda asingeitambua. Akinyamaza, nani angejua? Lakini wale watu njiani hawakuacha kupita.

"Shangazi," alisema, "sikupiga. Tiki ni za uongo. Sifuri tisa ni jikoni."

Shangazi hakuuliza mara mbili. Alimpigia mlinzi kwa nambari yake ndefu, tarakimu kwa tarakimu. "Zuia njia sasa hivi." Kisha akapiga kibandani. "Usiguse kitu mpaka mlinzi akupigie mwenyewe."

Njia ilipokuwa tupu, mwamba ukalipuka. Vioo vikatetemeka. Kidoti akalia kwa kwikwi, na shangazi akamwacha alie huku akiisahihisha ile nambari. Safari hii aliipiga, akangoja mpaka mlinzi akapokea.

"Umechelewa kusema, lakini umesema," alimwambia hatimaye. "Kuogopa si kosa, mwanangu. Ungeniambia unaogopa, tungepiga pamoja. Kosa ni kuificha hofu nyuma ya tiki. Ukiweka tiki umewaambia wenzako, 'Nimehakikisha, piteni.' Nao wanakuamini, wanapita."