Marehemu Anavuta Tumbaku

"...Na anavuta tumbaku, mama! Marehemu anavuta tumbaku!"

Damaris alimng'ang'ania mama mkwe wake, vidole baridi tupu. Harufu ilitoka mekoni. Ile ile ya mumewe Ambrose, yenye mdalasini! Na Ambrose, jamani, alizama baharini miezi saba iliyopita akikimbilia Uholanzi, akarudishwa ndani ya jeneza lililopigiliwa misumari. Alikuwa mbunge, mmoja wa wale walioweka sahihi na muhuri mfalme akatwe kichwa. Sasa mtoto wa mfalme kakalia kiti cha baba yake, na waliosaini wanasakwa Uingereza nzima.

"Ni majonzi tu, mwanangu," alisema Bibi Ursula, macho kwenye sufuria. "Jumapili ndoa yako mpya ikishatangazwa kanisani mara ya tatu, utasahau."

Atasahau vipi? Mchumba mwenyewe ni Kapteni Maskell, aliyepewa nyumba yao na serikali mpya. Alishamwambia wazi:

"Ukikubali, unabaki hapa na mama yako. Ukikataa, nahamia na waashi wangu. Hilo meko nalibomoa la kwanza."

Bibi Ursula alipotoka kufuata maziwa, Damaris akapiga magoti kwenye majivu.

"Ambrose? Kama ni mzimu wako, gonga."

Ukutani, nyuma ya meko, pakagongwa. Katikati ya matofali kikachomoza kikaratasi:

*Sijafa. Mgongo unaniua. Usipige kelele. A.*

"Miezi saba?" Damaris alinong'ona.

"Mke wangu, shusha sauti."

"Nimelilia jeneza, Ambrose!"

"Lina mawe. Mama ndiye aliyepanga. Ndiye anayeniletea mkate."

"Mama anajua, mimi sijui?"

Kisha sauti ikaja, ndogo.

"Wanajeshi wa mfalme walikuja kukuangalia msibani. Ungelia kwa uongo wangejua. Ulilia vizuri sana, mpenzi."

Damaris alihisi kama kapigwa kofi.

"Kwa hiyo machozi yangu ndiyo mliyojifichia."

"Nisamehe. Ila Jumapili usiseme niko hai. Watanipasua tumbo nikiwa naona."

"Nikinyamaza, nina waume wawili. Nikikataa, waashi wanakukuta humo. Niambie, mheshimiwa mbunge, nipige kura ipi?"

Mheshimiwa akavuta tumbaku tu.

Jumapili kanisa lilijaa. Kasisi akasoma majina, akainua macho kama kawaida.

"Mwenye kujua kizuizi cha ndoa hii, aseme sasa."

Damaris akasimama. Nyuma yake kitabu cha sala cha Bibi Ursula kikaanguka puu!

"Mimi ninacho."

"Kaa chini, Damaris," Maskell alinguruma.

"Mume wangu hajaondoka. Kila siku yuko mekoni, anavuta tumbaku. Juzi tumeongea."

Watu wakacheka. Wakamtazama uso, wakaacha.

"Kasema nini?" kasisi aliuliza, kashika meza.

"Kwamba mgongo unamuuma."

"Na mimi?" Sauti ya Maskell ilikwaruza. "Kanitaja?"

"Nilimweleza habari za waashi wako, Kapteni. Akanyamaza."

Kofia ikamtoka Maskell mkononi. Hakuiokota!

"Ile nyumba... kaeni nayo. Mimi silali humo hata nilipwe."

Akatoka kwa mlango wa pembeni, kichwa wazi, mvua inamnyeshea.

Nyumbani, Bibi Ursula alijaribu kumkumbatia.

"Umemwokoa mwanangu!"

"Nipe hiyo sahani, mama. Kuanzia leo namlisha mimi."

Akaketi mbele ya meko, bado kavaa nyeusi. Alikuwa anampenda, hilo ndilo lililomuuma. Lakini kila alipofumba macho aliwaona wale wanajeshi makaburini wakimtazama analia, na Ambrose humu ndani, mzima, akisubiri alie vizuri.

"Wamesemaje?" ukuta ukauliza. "Niambie, mpenzi."

"Marehemu hawaulizi maswali."

Akapenyeza mkate kwenye ufa. Vidole vyembamba kama vijiti vikaupokea, vikamshika mkono. Damaris alitaka kuuvuta. Hakuuvuta.

"Leo niache nikulilie kidogo, Ambrose," alisema. "Safari hii nikijua. Mengine nitakusimulia kesho."