Karibu ya Mdomoni

Chai ilikuwa na mafuta. Si samli wala maziwa, ni mafuta ya nyama, yameelea juu kama ya supu iliyopoa, na Dokta Wijdan alikuwa ameichemsha mwenyewe katika birika alilolisugua asubuhi ile. Akaimwaga, akachemsha nyingine, nayo ikaja vilevile. Alipoinusa, akaitambua: dawa ya kuhifadhia maiti. Alikuwa hajaisikia harufu hiyo tangu ujana, lakini pua iliyowahi kusomea chumba cha maiti haisahau.

"Labda mabomba," alijisemea. Mtu mzima hakosi la kujidanganyia.

Sebuleni, Nashat alikuwa akizungumza na Raghda, binti pekee wa Wijdan, aliyeanza udaktari mwaka huo. Nashat alisoma darasa moja na Wijdan hapahapa Aleksandria, na Ijumaa hii amekuja kula baada ya kupotea miaka. Zamani alikuwa bonge la mtu, mwenye mzaha kila kona. Leo kola ya shati ingetosha shingo mbili.

"Mama, ami Nashat kaniletea fuvu," Raghda alisema. "La kweli, si plastiki."

Alilitoa kwenye foronya, akaliweka juu ya kabati la vyombo. Wijdan alilijua kwa jino la mbele lililovunjika.

"Sitti Galila," alisema Nashat. "Umemsahau?"

Angemsahau vipi? Sitti, yaani bibi, ndilo jina walilolipa fuvu hilo walipokuwa wanafunzi. Enzi zao, kila kundi lilinunua mifupa yake kwa mchimba kaburi, likaichemsha kwenye jiko la mafuta ya taa juu ya paa la bweni mpaka ukoko wa mafuta ukaganda kwenye sufuria. Mwisho wa mwaka mifupa ilirithiwa na wadogo, haikuzikwa. Wakila mikate ya maharage walisomea hapohapo, na kwa kuwa Mmisri hali mbele ya macho ya mtu bila kumkaribisha, awe bawabu au abiria asiyemjua, Nashat alilibandika fuvu maharage kwenye meno, akaliambia: "Karibu, Sitti, tule wote." Karibu ya mdomoni tu, anayealikwa hujibu "afya" akapita. Darasa zima lilicheka, na Wijdan alicheka mpaka akashika mbavu.

Chakula kikaletwa: bata wa kuchoma, wali, na bakuli la mlenda. Nashat hakugusa kitu.

"Mwanangu," alimwambia Raghda, "kuna mgeni hujamkaribisha. Mama yako hakukufunza adabu?"

Raghda akacheka, akaligeukia fuvu. "Karibu, bibi, tule."

Papo hapo Nashat akalivaa paja la bata kwa mikono miwili. Alikula kwa kukoroma, mafuta yakimchuruzika kidevuni mpaka kifuani, akanyonya mfupa, akalamba na vidole. Wijdan alitazama pembeni kwa kinyaa, na hapo ndipo aliposikia kutafuna kwa pili, kutafuna kwa taratibu kwa meno yasiyo na midomo, kunakotoka kwenye sahani ya Raghda ambayo hakuna mkono ulioigusa, na mlenda ukawa unavutika juu nyuzi kwa nyuzi na kupotelea hewani, kisha unarudi, umetafunwa, umechanganyika na kitu cheupe kama mafuta ya ukoko wa sufuria ile ya bwenini, na Raghda, aliyechota kijiko bila kuangalia akakipeleka kinywani, akaanza kujivuta ulimini unywele mrefu wa mvi, akauvuta, akauvuta, nao hauishi, unatoka kooni umelowa grisi, huku machozi yakimtoka na mama yake ameganda kitini.

"Umemfanya nini mwanangu?" Wijdan alinong'ona.

"Si mimi. Ni hilo jini lililomo fuvuni." Nashat hakuacha kutafuna. "Wadogo walirithi mifupa, fuvu nikalibakiza. Nililikuta kwenye makasha yangu ya zamani, nikaliweka mezani, nikala mkate mbele yake. Nikalikaribisha kwa mazoea. Tangu siku hiyo linakula kwanza, mimi linanirudishia makombo. Shehe kasoma, nimelizika, narudi nalikuta mezani. Anayelikaribisha ndiye mwenyeji wake."

"Ukamletea mtoto wangu."

"Wewe unalijua jino lake, ungefunga mdomo. Nisamehe, dada. Nilikuwa nakufa njaa." Akaomba radhi hivyo, akajimegea bawa.

Wijdan alitamani kumtapikia usoni. Lakini Raghda alikuwa akigeuka rangi, na lawama haitoi unywele kooni. Akasimama mbele ya kabati.

"Huyo mtoto hana nyumba," aliliambia fuvu kwa sauti ya chini. "Nyumba ni yangu, chakula ni changu. Karibu kwangu."

Aliyealikwa hakujibu "afya." Unywele ukakatika, Raghda akavuta pumzi, na ulimi wa Wijdan ukajaa ladha ya dawa ya maiti. Alipogeuka, Nashat alikwisha kuondoka. Mifupa ya bata aliiacha imeng'aa.

Majuma yakapita. Raghda alinenepa, akasoma, akalala vizuri. Mama yake alianza kufunga sketi kwa pini. Kila tonge lilimfikia limeloa mate ya mwingine, akalimeza, kwa kuwa bila kumeza atakufa, na akifa hajui litamgeukia nani humo ndani.

Alasiri moja akaitoa picha ya darasa. Akawakumbuka wenzake mmoja mmoja. Huyu ana wajukuu. Huyu anaugua sukari. Huyu ni mkorofi, hatamkaribisha mtu. Kidole kikasimama kwa Mirvat, mjane anayeishi peke yake, msichana aliyekuwa akimmegea mkate wake hata mtu asiyemjua. Wijdan alijiona mchafu kuliko chochote alichowahi kumeza. Akapiga simu hivyohivyo.

"Mirvat, mwenzangu. Nimekukumbuka. Nije na mgeni mmoja, tule pamoja Ijumaa?"

Mezani nyuma yake, kutafuna kwa fuvu kukanyamaza.

"Wijdan wangu," sauti ikalia kwa furaha. "Hilo la kuuliza? Karibu, karibu sana."