Nani Kakutuma?

"Dada, mumeo anatafuta redio ya aina gani?"

Corinne akatazama kushoto, akatazama kulia. Mume hakumwona. Gulio la redio kuukuu, kwenye maegesho ya kanisa hapo Milwaukee, lilijaa wanaume wenye kofia na yeye peke yake mwenye gauni la manjano.

"Mume wangu bado hajazaliwa," akamjibu muuzaji. "Redio ni yangu. Naitengeneza mwenyewe."

Watu wakacheka, isipokuwa kijana mrefu wa shati la drafti, Tad, fundi wa lifti.

"Usije ukaichomeka kwenye umeme ukifika tu," akamwambia. "Kapasita zake, vile vidude vya kutunza umeme, ni za karatasi, zimeoza zote. Itakufukiza moshi."

Hapo ndipo mapenzi yalipoanza, na simu za kila jioni.

"Tad, nimeungua kidole."

"Umeshika pasi ya kulehemu upande gani, mpenzi?"

"Wa moto! Nilitaka kuhakikisha!"

Kapasita zilikuwa kumi na moja. Kwa wiki sita Corinne alibadilisha tatu.

Kisha akaenda harusini kwa dada yake, akamwachia Tad ufunguo amlishe paka. Paka alikula vizuri. Corinne aliporudi Jumapili alikuta redio inaimba mezani, na Tad kando yake, maua mkononi, meno yote thelathini na mawili nje.

"Nani kakutuma?"

"Nilikuonea huruma, mpenzi. Nane zilizobaki nimezimaliza kwa saa mbili tu!"

Laiti angeyameza hayo "saa mbili tu"!

"Wiki sita naunguza vidole, wewe unakuja kuchinja ng'ombe niliyemchunga mimi? Gari langu kalitengeneza baba, bomba kaka, mlango jirani! Kitu kimoja, Tad! Kimoja tu nilitaka kitoke mikononi mwangu!"

"Lakini si inaimba?"

"Inakuimbia wewe! Toka!"

Alipotoka, Corinne akazikata kapasita zote nane alizoweka Tad, moja moja, kama anayekata kucha za adui. Tad akapiga simu mara tisa. Ya kumi ikapokelewa.

"Naomba nije nikae tu. Nikutazame."

"Ukigusa kitu, mkono naubakiza hapa."

Jumamosi Tad akaja, akaikalia mikono yake. Corinne akalehemu nane mpya kutwa nzima, ulimi nje, nywele zikinuka moshi. Ya mwisho akaiweka kinyume, upande wa hasi mahali pa chanya. Aina ile, tofauti na zile za karatasi, ikigeuzwa hufura ikapasuka. Tad akaona. Mkono ukachomoka chini ya paja, ukarudi.

"Corinne," akasema taratibu, "kabla ya kuwasha, fundi hukagua nini?"

Akamkata jicho. Hata hivyo akachukua tochi na mchoro, akapitia moja moja. Kwenye ya mwisho akaganda.

"Uliiona?"

"Niliiona."

"Na hukuigusa?"

"Nilikaribia kufa."

Corinne akaigeuza mwenyewe. Akachomeka. Redio ikanguruma, ikakohoa, kisha sauti ya mtangazaji wa besiboli ikajaa jikoni. Machozi yakamtoka Corinne, hasira haijaisha.

"Ningefika tu, mpumbavu wewe! Hata kwa mwaka, ningefika!"

"Najua. Nisamehe." Tad akasimama. "Corinne, nikuoe?"

Akamtazama kutoka kofia hadi viatu.

"Pete iko wapi?"

"Sina. Nimeogopa kukuchagulia."